UNAKWEA PIPA SONGWE? MUULIZE UKUNGU KWANZA!

Sisi tuliozaliwa Tukuyu hatuna adabu mbele ya mvua. Mtu wa Dar akiona wingu jeusi anakimbia kuanua nguo. Mtukuyu anaziangalia tu zinavyolowa kambani, anasema zitakauka Jumapili, wala hasemi Jumapili ipi. Sehemu nyingi za wilaya ya Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile inayowafanya watu wa Jangwani wahamishe magodoro usiku wa manane.

Na ukungu je? Huo kwetu si habari. Unaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Asubuhi ya Juni unaweza ukasalimiana na mtu njiani, "Ugonile!", akaitikia vizuri, mkaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe, mkaagana, na mpaka leo hujui alikuwa nani.

Kasheshe ilianza tulipojifunza kukwea pipa.

Zamani ndege haikuwa shida yetu. Ilikuwa mambo ya vibopa na wakubwa wa mashamba ya chai. Sisi wengine tulikuwa watu wa basi, na basi ukungu unalichelewesha tu, haulirudishi lilikotoka. Uwanja wa zamani wa Mbeya, ule wa mjini, ulikuwa mdogo, jeti haigusi. Halafu Desemba 2012 ukafunguliwa Uwanja wa Songwe kule upande wa Mbalizi, barabara yake ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3. Mwaka uliofuata wakaingia Fastjet na nauli zao za kutangaza kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Basi weee! Mji ukachanganyikiwa. Watu ambao hawajawahi hata kupanda ngazi ya ghorofa ya pili wakaonekana wanafunga mikanda. Fastjet wenyewe waliacha kuruka hapa nchini mwishoni mwa 2018, ila utamu walikuwa wameshatuonjesha. Wengine wakaendelea, na sisi tukaendelea nao.

(Hapa niweke sawa jambo moja kwa wageni, maana mtapotea. Uwanja wa Songwe hauko mkoa wa Songwe. Uko mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya Januari 2016, uwanja ulikuwa umeshapewa jina. Na mito ya Songwe iko miwili: mmoja unakwenda Ziwa Rukwa, mwingine unatutenga na Malawi na kumwaga Ziwa Nyasa. Ukimwambia dereva "nipeleke Songwe" hakikisha mmeelewana.)

Sasa, uwanja umekaa zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, milima imeuzunguka. Msimu wa mvua ardhi imelowa chapachapa, usiku unakuwa baridi, upepo umelala. Hewa yenye unyevu ikipoa namna hiyo haina pa kwenda, inageuka ukungu, unatanda bondeni kama maziwa yaliyomwagika kwenye sinia. Unakaa hapo mpaka jua lije liupashe. Ni tofauti kidogo na ukungu wetu wa Tukuyu. Wetu unapanda. Hewa ya joto inatoka Ziwa Nyasa kule Kyela, mita 500 hivi tu juu ya bahari, inasukumwa kuupanda mlima, na kila mita 100 inapoa karibu digrii moja. Ikifika Tukuyu imechoka, inatua mzigo. Ndiyo maana Kyela unatembea kifua wazi, na mwendo wa chini ya saa mbili kwa Hiace unakuta watu wamevaa makoti.

Miaka ile ya mwanzo Songwe haikuwa hata na taa za kuongozea ndege. Ndege zilishuka kwa hisani ya jua. Ukungu wa asubuhi ukiichelewesha, na jioni giza likikaribia, hesabu imekwisha, kalaleni. Taa zimekuja kufungwa baadaye, na tunashukuru. Lakini taa si kitambaa cha kufutia ukungu.

Februari ya mwaka juzi mjomba wangu alifariki pale Tukuyu. Msomaji ambaye si wa kwetu nikueleze: Unyakyusa msiba si wa nyumba moja. Ni wa kijiji, wa ukoo, wa kanisa, wa waliosoma na marehemu darasa la nne. Watu wanakuja na ndizi, na kuni, na ng'ombe akipatikana. Mazishi yakapangwa saa nane mchana. Binti yake wa kwanza anaishi Dar, ana kazi yake, ana watoto wawili. Alipata habari usiku, akahangaika na tiketi, akapata ndege ya alfajiri ya siku ya mazishi yenyewe. Kwa karatasi ilikuwa safi kabisa: saa mbili asubuhi yuko Songwe, saa tano yuko Tukuyu, saa nane anamzika baba yake.

Mimi nikatumwa na Noah ya kukodi kwenda kumpokea. Tulitoka Tukuyu saa kumi alfajiri, maana ni kilomita 70 hivi mpaka Mbeya mjini, halafu unaongeza kama 25 za kwenda uwanjani, tena katikati ya malori ya Zambia na Kongo. Kiwira ukungu. Isongole ukungu. Uyole pakafunguka kidogo nikafurahi. Tulipoteremka Mbalizi dereva akawasha taa zote, akapunguza mwendo akawa anaendesha kama anayetafuta sindano. Nikajua.

Saa mbili tukaisikia. Hayo ndiyo maajabu ya ukungu, sauti unaipata, chombo hukioni. Injini inakuja, inanguruma juu ya vichwa vyetu, inapita, inapotea kuelekea milimani, inarudi tena. Tulikuwa watu kama thelathini tumesimama pale nje, wote tumeinua videvu kutazama kitu cheupe kisicho na mwisho. Mama mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani taratibu. Ikazunguka kama dakika arobaini. Halafu ngurumo ikaenda, na haikurudi. Tukatangaziwa: imerudi Dar es Salaam.

Saa nne kasoro jua likatoka. Si jua la utani, jua kali la kuanikia mpunga! Ukungu ukayeyuka kama haukuwahi kuwepo, barabara ya kurukia ikaonekana mwanzo hadi mwisho, tupu. Jamaa mmoja mwenye suti akaitazama akatukana tusi ambalo mhariri hatanikubalia.

Saa tano simu ikalia. "Kaka, niko Dar." Sikumjibu kwa muda. Akaendelea, "Wanasema tutaondoka saa nane." Saa nane ndiyo saa ya kaburi.

Nikawapigia nyumbani. Mzee wa ukoo akachukua simu mwenyewe, sauti yake nzito ile: "Mwanangu, hiyo ndege inakuja au haiji? Nipe neno moja." Neno moja sikuwa nalo. Hata watu wa kaunta hawakuwa nalo. Tukuyu mvua ilikuwa imeanza, kaburi limeshachimbwa, vijana wanachota maji kwa ndoo na kumwaga pembeni, maji yanarudi. Wageni wa Kyela na Busokelo wana safari. Wazee wakasubiri saa nane ikapita, tisa ikapita, kumi ikafika. Saa kumi na nusu wakasema inatosha.

Ndege iligusa chini saa kumi na dakika arobaini.

Tulifika Tukuyu saa mbili usiku. Hakulia. Alisimama penye maua na tope, akauliza ni nani aliyeishika picha ya baba mbele ya jeneza. Akaambiwa mdogo wake. Akasema sawa. Baadaye ndipo akanigeukia mimi, na wiki nzima akawa ananiuliza swali lile lile: "Mbona nilikuwa juu yako, kaka? Nilikuwa hapo hapo juu ya kichwa chako. Yule rubani aliogopa nini?"

Swali lake nimezunguka nalo kwa watu wanaoijua kazi hiyo, na majibu yake hayahusu woga.

Rubani hashuki kwa kubahatisha kama dereva wa Noah anayechungulia dirishani. Kila uwanja, kwa kila njia ya kuushukia, una kimo kilichoandikwa. Penye mitambo ya redio inayoielekeza ndege mpaka chini, ile ya daraja la kawaida, kimo chenyewe ni kama mita 60 juu ya ardhi, na barabara iwe inaonekana kwa mita 550 hivi. Anaposhuka kwa msaada wa mitambo ya hali ya chini zaidi, kimo kinapandishwa, anatakiwa aione barabara akiwa bado juu sana. Akifika kwenye kimo hicho hajaona taa wala lami, anapandisha ndege. Hakuna mjadala, hakuna "ngoja nisogee kidogo". Kusogea kidogo, pale milima ilipo, ni kusogelea nini?

Mafuta nayo yana hesabu yake. Ndege inabeba ya kufika inakokwenda, ya kwenda uwanja mwingine ikishindwa kutua, na juu yake akiba ya dakika 30 za kuzunguka kwa jeti, ambayo haiguswi ila kwa dharura. Kwa hiyo zile dakika arobaini tulizokuwa tunamsikia juu, alikuwa anazikata kwenye kibubu. Zilipobaki zile za kurudi, akarudi. Angengoja jua la saa nne angelingoja akiwa na matangi matupu.

Sasa lile linaloudhi kuliko yote: jua limetoka, pipa haliji! Hapa ndipo watu wanapoamini kwamba kaunta wanawadanganya. Lakini fuata pipa lenyewe. Limerudi Dar. Abiria washuke au wakae humo humo, mafuta yajazwe, njia ipangwe upya. Mchana huo pipa hilo hilo lilikuwa liende Mwanza au Dodoma. Ndege moja ya ndani inaweza kupiga safari nne, tano kwa siku, kama daladala ya Mwenge. Asubuhi ikiyumba, siku nzima inayumba. Ndiyo maana saa tisa alasiri kuna mtu amekaa uwanjani Mwanza, ziwa limetulia, ndege wa angani wanaimba, anaambiwa amechelewa kwa hali mbaya ya hewa, anacheka kwa uchungu. Hali mbaya ilikuwa Mbalizi, saa mbili asubuhi. Kwake imefika kwa awamu.

Halafu kuna binadamu wanaoiendesha. Rubani na wahudumu wana saa za kazi zilizowekwa kisheria. Dakika arobaini hapa, saa mbili pale, muda wao unakwisha wakiwa bado na safari moja. Watafutwe wengine, na wengine wako nyumbani kwao Tabata. Na kwenye viwanja visivyo na taa, kuchelewa kukigusa machweo kunaitwa kufutwa.

Hapo nimezungumzia ukungu peke yake. Wingu la radi la Aprili lina visa vyake: marubani wanashauriwa kulipita kwa mbali, kama kilomita 37, kwa sababu ndani yake upepo unapanda na kushuka kama lifti iliyokatika kamba. Ukiona ndege yako ya Songwe inakata kona isiyoeleweka juu ya Iringa, kaa kimya, unatunzwa.

Nilimwambia binamu yangu habari ya Bukoba. Sikutaka, lakini aliuliza. Novemba 6, 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inakwenda kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilizunguka kwanza ikingoja patulie. Ilipokwenda kutua ikaangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Ndani walikuwa watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Tuliona kwenye simu mkia ukielea na watu wanavuta kamba. Tukalijua jina la mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyewahi kwa mtumbwi na kusaidia kufungua mlango, ambaye baadaye alipewa ajira Zimamoto. Asubuhi ile, walioachwa na ndege hiyo Dar kwa kuchelewa foleni walikuwa wanalia kwa kitu kingine kabisa.

Na haraka si ugonjwa wa Kiafrika. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa ndege za abiria ilitokea chini, uwanjani, kwenye ukungu: Tenerife, Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili ziligongana, watu 583. Ndege zote mbili zilikuwa zimeelekezwa pale baada ya bomu kulipuka uwanja zilikokuwa zinakwenda. Rubani wa ile ya KLM alikuwa ameshakaa kwa saa kadhaa, muda wake wa kazi unayoyoma. Akaanza kuondoka kabla ya ruhusa. Nyingine ilikuwa bado iko mbele yake, haonekani.

Tajiri naye hukwama, usidhani ni umaskini wetu. Aprili 16, 2024, Dubai ilipata mvua kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Al Ain, mji wa jirani, ulinyeshewa milimita 254 ndani ya saa 24. Uwanja ule wa marumaru na minara ya manukato ukageuka bwawa, ndege zikapita kwenye maji kama mitumbwi ya Matema, safari zaidi ya elfu moja zikafutwa. Vijana wetu wa kuleta simu na vipodozi Kariakoo wakalala sakafuni siku mbili tatu. Mtukuyu akiambiwa habari hizo anauliza tu: kwani hawana mifereji?

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza, msimu wa mvua usikate tiketi ya kufika Songwe siku ile ile ya jambo lisilorudiwa. Harusi, usaili wa kazi, mtihani, maziko. Fika jana yake. Najua msiba haukupi siku mbili, lakini familia inaweza. Kwenye ukoo wetu siku hizi, mtoto wa marehemu akiwa anakuja kwa ndege, kaburi linapangwa kesho ya kufika kwake, na wazee waliopinga mwanzoni wamenyamaza. Kama una ndege nyingine ya kuunganisha pale Dar kwenda nje, usiziache saa mbili tatu katikati ukadhani umefanya ujanja. Lala Dar.

Ile ndege ya alfajiri ndiyo wajanja wanaipenda, unafika mapema, unawahi shughuli. Kwa Dar na Mwanza sawa. Kwa Songwe, Januari mpaka Aprili, mimi naipenda ile ya saa tano. Jua limeshafanya kazi yake. Kosa la ya jioni ni kwamba inarithi matatizo ya wenzake wote wa asubuhi.

Ukifika kaunta usiulize "tutaondoka saa ngapi?" Hilo watalijibu kwa matumaini. Uliza "pipa letu liko wapi sasa hivi?" Likiwa bado Mwanza, unajua mwenyewe una muda wa kula. Namba ya simu uliyoandika kwenye tiketi iwe yako, isiwe ya yule dogo aliyekukatia, maana ujumbe wa mabadiliko utamfikia yeye akiwa kijiweni.

Fidia? Hapo usijipe moyo sana. Hata Ulaya, wenye sheria yao ya mwaka 2004 inayowabana wenye ndege mpaka wanatoa jasho, hali mbaya ya hewa haikupi pesa ya pole. Inakupa chakula na pa kulala ukingoja. Kwetu soma masharti ya tiketi kabla ya kupaza sauti, omba ubadilishiwe siku au urudishiwe nauli safari ikifutwa, weka karatasi zako zote. Wasipokusikiliza, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, na lipo baraza lake la watumiaji linalopokea malalamiko. Kumshika shati binti wa kaunta hakumo kwenye utaratibu. Yeye ukungu hakuuleta, na mara nyingi ameamka saa tisa usiku kuliko wewe.

Na basi bado lipo. Kilomita 830 hivi Dar mpaka Mbeya, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, unaweza kupanda jioni ukashukia Uyole asubuhi ukiwa umevimba miguu. Pale Uyole, gari za Tukuyu zinaanza kuita abiria kabla hakujapambazuka. Kaa upande wa kushoto, kiti cha dirishani. Mlima Rungwe uko upande huo, mita 2,960, na siku ukungu ukikuruhusu utauona.